Mabegi ya Darasa la Sita

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Kila asubuhi mume wake, ambaye alikuwa mwashi, aliondoka na mwiko wake na pima maji. Binti yao alikwenda shule. Hapo Mama Sindano alifungua mlango wa mbele, akapangusa vumbi kwenye cherehani na kuanza kazi. Watu walimletea suruali za kupunguza, sketi za kuachia kiuno, sare za shule na mashuka ya kukunja pindo. Kazi haikuwa ya kumtajirisha mtu, lakini haikulala.

Sindano halikuwa jina alilopewa binti yao alipozaliwa. Baba yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu akishaingiza kichwa chake mahali ni lazima atokee upande wa pili. Jina likashika. Hata walimu walilizoea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita.

Siku moja Sindano alirudi kutoka shule, akapitiliza moja kwa moja hadi kwenye kikapu cha vitambaa. Hakuvua viatu wala hakuulizia chakula.

"Mama, haya mabaki ya vitambaa unayafanyia nini?"

"Nawekea watu viraka. Kwani kuna nini?"

Sindano akaeleza bila kuvuta pumzi. Mwalimu wao wa stadi za kazi alikuwa amewapa kazi ya muhula mzima. Darasa lianzishe biashara ndogo. Faida isiwe ya mwanafunzi yeyote, bali itumike kumsaidia mtu mwenye shida pale shuleni. Darasa zima lilikuwa limekubaliana kumsaidia Chiriku.

Chiriku alikuwa msichana mdogo wa darasa la pili. Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na alitembea kwa magongo mawili. Lakini mdomo wake haukuwa na udhaifu wowote. Aliongea tangu asubuhi hadi jioni, na ndiyo maana watu walimwita Chiriku. Darasa la sita lilitaka kumnunulia sare mpya na mdoli mkubwa. Wangeshona vitambaa vya mkono vyenye maua na kuviuza siku ya mkutano wa wazazi.

Mama Sindano alifurahi. Ni mzazi gani asiyependa kumwona mtoto wake ana huruma? Akampa mabaki ya vitambaa, sindano tatu na uzi. Jioni alimfundisha kudarizi ua dogo la petali tano.

Baada ya siku chache alianza kuona mambo. Uzi mwekundu uliisha, ukafuata wa bluu. Sindano tatu zikawa tano, na zote tano hazikurudi.  Mama Sindano alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mtoto mwenye shida, kwa hiyo si vizuri kuhesabu.

Ijumaa muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake nyeupe. Ilibaki mifuko tu. Mama Sindano akafungua kabati kuchukua kile kitambaa cheupe alichokitenga kwa mifuko hiyo. Hakikuwapo. Akapekua rafu zote, akapekua kikapu, akainama chini ya meza. Muuguzi alikaa kwenye kiti, akiangalia saa yake.

Sindano aliporudi, ukweli ukajulikana. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha kukatwa vipande saba, na kila kipande kilikuwa na ua.

"Nilidhani ni mabaki," Sindano alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Muuguzi hakufoka, lakini aliondoka bila sare, na siku iliyofuata alikuwa na zamu. Mama Sindano alikwenda dukani kununua kitambaa kingine kwa pesa yake mwenyewe. Usoni alijikaza. Moyoni alichemka.

Siku ya mkutano wa wazazi ilifika. Darasa la sita lilipanga vitambaa vyao juu ya meza, kwenye baraza ya shule. Nyuma ya meza walibandika karatasi kubwa yenye maandishi ya rangi: TUMSAIDIE CHIRIKU. Na kando ya karatasi walimsimamisha Chiriku mwenyewe, juu ya magongo yake, ili wazazi wamwone.

Wazazi walimwona. Walitikisa vichwa, wakasema maskini, mtoto wa watu. Wengine walinunua kitambaa kimoja na kukitia mfukoni bila kukiangalia. Wengine walizunguka upande mwingine wa uwanja ili wasipite pale. Mama Sindano alisimama pembeni akatazama. Jambo moja lilimshtua. Chiriku hakusema hata neno moja. Aliangalia vidole vya miguu yake tu.

Kisha akaja bibi yake Chiriku. Yeye ndiye aliyemlea. Alikuwa mama mtu mzima mwenye mikono iliyokakamaa kwa sabuni, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Alisoma ile karatasi polepole. Akafungua fundo la pesa kwenye pindo la nguo yake, akanunua kitambaa kimoja. Hakuuliza bei mara mbili wala hakungoja chenji.

"Ahsanteni, wajukuu zangu," alisema. Akamshika Chiriku begani, wakaondoka pamoja, taratibu.

Jioni Sindano alimwaga sarafu mezani. Alikuwa na furaha. Mama yake akaketi, akachukua kalamu, akaandika bei ya uzi, ya sindano na ya kile kitambaa cheupe cha muuguzi. Hakuhitaji kufika mwisho wa karatasi. Kitambaa cheupe peke yake kilikuwa kimemeza sarafu zote.

"Kwa hiyo hatuna kitu?" Sindano aliuliza.

"Hamna kitu," mama yake alijibu. "Na bibi wa watu ametoa pesa yake mfukoni kumchangia mjukuu wake mwenyewe."

Sindano alizikusanya sarafu, akazirudisha kwenye kopo moja moja. Hakula vizuri siku hiyo. 

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi jirani aliyeitwa Mama Ushirika. Kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika cha wanawake wafumaji wa vikapu. Chama kile kilikuwa kimesomesha watoto wengi na kuwapa wajane kazi. Sasa alikuwa amestaafu, lakini watu hawakumwacha apumzike. Kila aliyetaka kuanzisha kikundi alipita kwake kwanza.

Mama Sindano alimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Akakaa naye, akaanza kuchambua upande wake, na huku akamweleza yote. Alimaliza kwa kusema kwamba pengine watoto waache biashara, wachangishe tu. Au waache yote, wasome.

Mama Ushirika alitupa kijiwe nje ya mlango.

"Watoto hawakukosea kutaka kusaidia," alisema. "Wamekosea mambo matatu tu, na hata sisi wafumaji tulianza kwa kuyakosea yote. Hawakumwuliza anayesaidiwa. Hawakumwuliza anayenunua. Na hawakujua kitu chao kimegharimu nini."

"Lakini ni msaada, jirani. Msaada nao una gharama?"

"Kwani uzi ulidondoka kutoka mbinguni? Uliutoa wewe. Kila kitu kina mtu aliyekilipia. Usipomjua huyo mtu, basi jua unamnyonya."

Mama Sindano akacheka kidogo, maana mtu huyo alikuwa yeye.

Jumatatu walikwenda shule wote wawili. Mwalimu wa stadi za kazi aliwapokea ofisini, kati ya marundo ya madaftari. Alikuwa kijana mwungwana. Alikiri wazi kwamba alijua kufundisha biashara ubaoni, lakini maishani mwake hajawahi kuuza hata pipi. Akamwomba Mama Ushirika aingie darasani.

Mama Ushirika hakutoa hotuba. Aliwauliza wanafunzi ni nani kati yao aliyemwuliza Chiriku anahitaji nini. Hakuna aliyeinua mkono. Mvulana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa ubishi wake, akasema kila mtoto anapenda mdoli.

"Wewe unapenda?" Mama Ushirika alimwuliza.

Darasa lilicheka mpaka Wakili naye akacheka.

Ikaamuliwa kwamba Sindano na mwenzake mmoja waende kumwuliza Chiriku nyumbani kwake, mbele ya bibi yake, si mbele ya watu. Mama Sindano alikwenda nao. Alikuwa na lake la kusema.

Walikuta kamba za nguo zimejaa uani. Bibi aliwatolea viti. Mama Sindano akaomba radhi kwa yale ya siku ya mkutano. Bibi alisema yamepita. Lakini Chiriku, aliyekaa juu ya beseni lililogeuzwa, hakusema yamepita. Alimtazama Sindano.

"Nikikwambia ninachotaka, mtaniweka tena kwenye meza?"

Sindano akajibu, "Hatutakuweka. Nakuahidi."

Chiriku alifikiri. "Nataka kwenda chooni peke yangu," alisema.

Sindano na mwenzake waliangaliana. Bibi ndiye aliyeeleza. Choo cha shule kilikuwa na ngazi tatu, na hapakuwa na kitu cha kushika. Chiriku hakuweza kuzipanda na magongo yake. Kila siku, wakati wa mapumziko, bibi aliacha nguo za watu ndani ya maji, akatembea hadi shule, akampandisha mjukuu wake, akamngoja, akamteremsha. Kwa hiyo alifua nusu ya nguo ambazo angeweza kufua. Na siku nyingine alifika akiwa amechelewa.

"Sasa hataki kunywa maji asubuhi," bibi alisema. "Nikimpa anaficha kikombe. Anasema asipokunywa, choo hakitamwita."

 Njiani kurudi nyumbani Mama Sindano alimwona binti yake anafuta macho kwa mkono wa sweta. Hakumwambia anyamaze.

Jioni ile Sindano alimsimulia baba yake. Baba alikuwa amechoka, amejaa saruji hadi kwenye nyusi, lakini alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake alipita shuleni kabla ya kazi, na futi yake ya kupimia. Aliwaeleza wanafunzi kwamba ngazi zile tatu kwa pamoja zina kimo cha sentimita arobaini na tano. Mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu anahitaji njia ya mteremko mpole. Kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita kumi na mbili. Ikiwa fupi zaidi ya hapo, inakuwa mtego.

"Pigeni hesabu," alisema. Wakapiga. Njia ingekuwa karibu mita tano na nusu, pamoja na vyuma vya kushika pande zote mbili. Mwashi akaandika saruji, mchanga, kokoto na mabomba ya chuma, na bei ya kila kimoja. Ilikuwa pesa nyingi kuliko vitambaa vyote vya mkono ambavyo darasa lile lingeweza kushona mpaka linamaliza shule. Wanafunzi walipiga miluzi.

Mwalimu mkuu alikubali njia ijengwe. Shule ingetoa mchanga na kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa darasa jipya. Yaliyosalia yalikuwa juu ya darasa la sita.

Sasa wauze nini? Mama Ushirika aliwakataza kujibu haraka. Aliwapa wiki moja wasiuze kitu, watazame tu. Watembee shuleni na mitaani, waangalie watu wanasumbuliwa na nini, na wanalipa pesa kwa kitu gani kila mara. Wanafunzi walirudi na mambo mengi. Wengine walisema maji baridi, wengine karanga. Lakini Sindano alikuwa amesimama langoni asubuhi tatu mfululizo na daftari. Aliwahesabu wanafunzi waliopita na mabegi yaliyoharibika. Zipu zimekufa, mikanda imekatika, vitako vimetoboka. Asubuhi ya tatu peke yake alihesabu mabegi sitini na mawili. Fundi wa mabegi alikuwa mmoja tu, mbali, na begi lilikaa kwake wiki mbili.

"Sisi tunaweza kushona mkanda kwa mkono," alisema. "Na zipu tutamwomba mama."

Mama Sindano, aliyealikwa darasani siku hiyo, akasema papo hapo kwamba zipu atazitia bure. Mama Ushirika akainua mkono.

"Hapana, jirani. Ukizitia bure, watoto hawa watajifunza kwamba kazi ya mama yao haina bei. Wakulipe. Bei yako iwe ya chini kama unataka, lakini iwepo."

 Tangu Mama Sindano aanze kushona, watu wengi walikuwa wamemwomba apunguze bei. Huyu alikuwa wa kwanza kumkataza asiiondoe.

Kisha Mama Ushirika akafungua kopo la vifungo alilokuwa ameliazima kwa Mama Sindano. Akapanga vifungo kumi mezani, wanafunzi wakazunguka. Alisema hivi vifungo kumi ndiyo bei ya kushona begi moja. Akasogeza vifungo vinne pembeni. Hiyo ni gharama: uzi mnene, nta ya kulainishia uzi, zipu na malipo ya fundi. Pesa hiyo inarudi kazini, kwa sababu bila hiyo begi la kesho halishonwi. Akasogeza kifungo kimoja. Hicho ni akiba, kwa sindano itakayokatika na kwa kosa litakalotokea. Vikabaki vitano.

"Hivi vitano ndiyo faida. Hivi tu ndivyo vya njia ya choo. Mkichukua na hivi vingine mkavitoa sadaka, mtasifiwa siku moja, na kesho yake biashara imekufa."

Wakili akauliza kwa nini wasiongeze bei wapate vifungo kumi na tano. Mama Ushirika akamwambia akawaulize wanafunzi wa darasa la nne kama wangelipa. Akaenda, akarudi, akasema hawalipi. Bei ikabaki pale pale.

Wakagawana kazi. Walioweza kushona walishona. Wawili walishika daftari la pesa, na pesa ilifungiwa kwenye kabati la mwalimu kila siku. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa nayo peke yake. Wazazi waliombwa ruhusa. Kazi ilifanywa siku mbili tu kwa wiki, baada ya masomo, ili biashara isile shule. Mtaji wa kwanza waliukopa kwenye mfuko wa shule, wakaandika siku ya kuurudisha.

Bango lilibadilika pia. Safari hii waliandika: TUNASHONA MABEGI. FAIDA INAJENGA NJIA YA KUPANDIA CHOO CHA SHULE. Jina la Chiriku halikuwepo. Sindano alikuwa amelipeleka bango kwake kwanza alisome. Chiriku alilisoma herufi kwa herufi, akaridhika. Halafu akauliza ni nani atakayepokea mabegi.

"Bado hatujajua," Sindano alisema.

"Nitapokea mimi. Ninyi mnashona kimya kimya, watu watadhani mmelala."

Basi Chiriku akapewa kiti na daftari kwenye baraza. Aliandika namba ya kila begi, akafunga kikaratasi kwenye mkanda, na akamwambia kila mteja siku ya kurudi. Mteja aliyejaribu kuondoka bila kutaja kasoro zote za begi lake hakufika mbali. Mdomo wa Chiriku ulirudi kazini. Mama Sindano alimsikia tangu langoni alipokuja kuleta zipu.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri, mabegi yakaja mengi. Wiki ya tatu yakaanza kurudi. Mikanda tisa ilikuwa imefumuka. Msichana mmoja wa darasa la tano alikuwa amemwaga vitabu vyake vyote kwenye dimbwi, na alilia mbele ya meza bila kuficha.

Mama Sindano akaukagua uzi. Akauvuta, ukakatika kama nywele. Haukuwa uzi aliowachagulia. Wakili, aliyetumwa dukani, alikuwa ameona uzi wa bei rahisi akaununua ili faida iongezeke. Hakuiba hata senti. Alidhani anasaidia. Sasa alisimama na mabega yameshuka.

"Lakini wanajua hii ni biashara ya msaada," alijitetea. "Wangevumilia kidogo."

Mama Sindano alivuta kiti, akakaa ili macho yao yawe sawa. Hakutaka kumwaibisha. Alikumbuka sare nyeupe ya muuguzi.

"Sikiliza, mwanangu. Huruma mtu atailipia mara moja. Mara ya pili anataka begi lisilokatika. Tukishona vibaya kwa jina la msaada, tunamwibia yule binti wa darasa la tano ili tumpe mwingine. Huo si msaada tena."

Wakashona mikanda yote tisa upya, bure, kwa uzi mnene. Pesa ya uzi huo ilitoka kwenye kile kifungo kimoja cha akiba. Hapo ndipo wengi walipoelewa kwa nini Mama Ushirika alikitenga. Wakili alijitolea kumshonea mwenyewe yule msichana wa darasa la tano. Alijichoma kidole mara nne, lakini mkanda ule haukufumuka tena.

Habari zilienea kwamba darasa la sita likikosea linarekebisha. Wateja wakaongezeka kuliko mwanzo. Walimu walileta mikoba yao. Mwuza magazeti wa pale kona alileta begi lake kubwa la turubai. Muuguzi wa zahanati naye akaja na mabegi mawili ya watoto wake, akamwuliza Mama Sindano kwa utani kama safari hii mifuko ipo.

Kila Ijumaa hesabu ilibandikwa ukutani. Mapato, gharama, akiba, faida. Yeyote aliyepita aliweza kusoma. Mtaji wa shule ulirudishwa kabla ya siku yake. Wiki mbili kabla ya muhula kwisha, pesa ya saruji na mabomba ikatimia.

Mwashi na mwenzake wa kazi walijenga siku tatu. Walikataa malipo, na mwalimu akaandika kazi yao daftarini kama mchango, ili ijulikane thamani yake. Kabla ya kuchomelea vyuma vya kushika, mwashi alimwita Chiriku. Akamwambia aweke mikono mahali inapompendeza. Chiriku akajaribu juu, akajaribu chini, akasema hapa. Mwashi alichora alama kwa chaki. Ilikuwa chini kuliko alivyokuwa amepanga.

"Ningekosea," alimwambia mke wake jioni, akivua viatu. "Nimejenga miaka yote hii, na leo ningekosea kama nisingemwuliza mtoto."

Saruji ilipokauka, njia ile haikuwa ya Chiriku peke yake. Mwalimu mjamzito wa darasa la kwanza aliipenda. Mfagiaji aliacha kubeba ndoo za maji kichwani, akaanza kuzipandisha kwa toroli. Watoto wadogo waliifanya uwanja wa mbio mpaka mwalimu mkuu akawafukuza.

Bibi yake Chiriku alikuja siku ya kwanza na ya pili, kwa mazoea. Alisimama langoni, akitazama kwa mbali. Siku ya tatu hakuja. Alikuwa na nguo za familia mbili mpya za kufua, na sasa aliweza kuzimaliza kabla ya jua kuzama. Alimwambia Mama Sindano kwamba mjukuu wake anakunywa maji asubuhi, tena anaomba kikombe cha pili.

Siku ya mwisho ya muhula Mama Sindano alipeleka shuleni mabegi sita ya mwisho. Darasa la sita lilikuwa linakabidhi kazi kwa darasa la tano: sindano, nta, daftari, na kopo lenye mtaji wa kuanzia muhula ujao. Darasa la tano lilikuwa tayari limekwisha kwenda kumwuliza mpishi wa shule anasumbuliwa na nini jikoni. Sindano alikuwa anawaonyesha wadogo zake jinsi ya kupitisha uzi kwenye nta, na Mama Sindano akaona kwamba binti yake anafundisha kwa maneno yale yale aliyofundishwa yeye nyumbani.

Kengele ya mapumziko ililia. Chiriku alitoka darasa la pili. Hakuna aliyemsindikiza, na hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa kuwa kila mtu alikuwa na shughuli zake. Alifika kwenye njia ya saruji. Akayashika magongo yote mawili kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika chuma, akapanda bila haraka. Katikati alikutana na watoto watatu wanaoteremka mbio.

"Pisheni," aliwaambia. "Kuna watu wana safari zao."

Wakampisha. Akafika juu, akaingia, akavuta mlango. Mama Sindano, aliyesimama uwanjani na mabegi mikononi, akasikia komeo likifungwa kwa ndani.